Rifleta ya picha za nje: nunua ukubwa kwanza, rangi baadaye

Duka la vifaa vya kamera, liwe Dar es Salaam au Nairobi, litakuonesha kitu kilekile: mfuko wa duara wenye zipu, na ndani yake rifleta ya kukunja, yaani kitambaa cha kurudishia mwanga, ya sentimita 80 au 110, ile inayoitwa "tano kwa moja". Ina upande mweupe, wa fedha, wa dhahabu na mweusi, na katikati kuna kitambaa chembamba kinachopitisha mwanga. Muuzaji huanza na rangi kwa kuwa ndizo zinazovutia macho, na mnunuzi naye huuliza: nichukue fedha au dhahabu? Swali hilo lina jibu, ila liko la tatu kwenye foleni. La kwanza ni ukubwa. La pili ni mahali rifleta itakaposimama kati ya jua na uso wa mtu. Hayo mawili yakiharibika, rangi haiokoi chochote.

Inarudisha mwanga kiasi gani hasa?

Rifleta haina taa ndani yake. Inagawa upya jua linaloiangukia, na kiasi kinachofika usoni kinaweza kukadiriwa kwa hesabu ya kawaida tu. Jua la mchana kwenye anga safi hutoa takriban lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) juu ya kitu kinacholitazama moja kwa moja. Mtu aliyeligeuzia jua mgongo, au aliyesimama kwenye kivuli cha jengo huku anga likiwa wazi mbele yake, hupata usoni lux 10,000 hadi 15,000 hivi, zinazotoka angani, kutani na ardhini. Pengo hilo ni kama stopu tatu, na kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu. Ukiipimia kamera mwanga wa uso, mabega yaliyopigwa na jua yanaungua, yaani yanakuwa meupe matupu. Ukiipimia mabega, uso unazama gizani. Kinachotafutwa ni kulipunguza pengo lifike stopu moja au moja na nusu. Ukilifuta kabisa, picha inakuwa bapa na mtu anaonekana kama amebandikwa juu ya mandhari.

Sasa chukua rifleta nyeupe ya duara, sentimita 110, ipigwe na jua kwa pembe ya nyuzi 45. Ikiwa mita 1.1 kutoka usoni, inaongeza kama lux 12,000, yaani inakaribia kuuzidisha mara mbili mwanga wa kivulini. Hiyo ni stopu nzima. Irudishe nyuma hadi mita 2.2 na nyongeza inashuka hadi lux 3,500 hivi, ambayo ni theluthi ya stopu. Ipeleke mita 3, mahali ambapo msaidizi hulazimika kusimama ili asiingie kwenye picha ya mwili mzima, na inabaki lux 2,000 au chini. Hapo msaidizi anatoka jasho bure. Rifleta ya sentimita 80 kwa mita 1.1 inatoa lux 7,000 tu, nusu stopu na kidogo.

Ndiyo maana watu wengi hununua rifleta ya 110, wakaifurahia kwenye picha za uso, kisha wakaipeleka kwenye kazi ya mitindo na kusema haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila iko mbali mno kwa ukubwa wake. Kwa upande mweupe kanuni ni nyepesi: umbali kutoka usoni usizidi kipenyo cha rifleta, au mshazari wake kama ni ya mstatili. Ukitaka kuhakikisha, mwambie msaidizi aanze mita mbili na asogee polepole huku wewe unatazama kivuli chini ya kidevu tu, usitazame uso mzima. Kwa muda hakuna kinachobadilika. Akifika karibu na mita moja, kivuli kile kinafunguka kwa haraka na mikunjo ya shingo inaanza kuonekana.

Upande wa fedha una tabia nyingine. Kitambaa cheupe kinatawanya mwanga pande zote za mbele yake, wakati fedha inaurusha karibu wote upande mmoja, kama jua lililogeuzwa njia. Kwa hiyo haudhoofiki sana kwa umbali. Fedha ya 110 kwa mita 3 bado inaweza kuinua uso kwa stopu moja hadi mbili, kutegemea jinsi uso wake ulivyo laini au wenye mikunjo midogo. Gharama yake ni kwamba inaangaza eneo dogo, kubwa kidogo tu kuliko rifleta yenyewe, na kingo za vivuli vyake ni kali. Weupe ni wa karibu, fedha ni ya mbali. Mtu anayeielekeza fedha usoni kwa umbali wa sentimita 80 saa 5 asubuhi anamwadhibu mwanamitindo: macho yanafinyika, machozi yanatoka, wanja unaharibika, na paji la uso linatoa doa jeupe ambalo hakuna programu ya kulirejesha.

Jua letu liko juu mno

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanatoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na jua lao si hili. London mwezi Desemba jua la adhuhuri linafika nyuzi 15 tu juu ya upeo. Dar es Salaam halishuki chini ya nyuzi 60 hivi wakati huo wa siku hata mwezi Juni, na mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba linapita utosini kabisa. Nairobi hupitiwa utosini karibu tarehe 17 Machi na tarehe 26 Septemba. Maagizo ya "shika rifleta kiunoni, iinamishe juu kidogo" hayana madhara makubwa jua likiwa chini, kwa kuwa mwanga unarudi karibu sambamba na ardhi. Jua likiwa nyuzi 60, rifleta iliyolala kiunoni inatupa mwanga kwa mwinuko uleule wa nyuzi 60 kwenda juu. Unaingia puani, unaangaza chini ya kidevu na kuacha kivuli juu ya mashavu. Sura inayotokea ni ya mtu aliyejimulika tochi kidevuni kuwatisha watoto.

Dawa yake ni kuinua. Kitambaa kitazame katikati kabisa ya pembe kati ya jua na uso. Hiyo ndiyo sheria yote ya kuelekeza rifleta. Tuseme jua liko nyuma ya mwanamitindo kwa nyuzi 60, uso wake uko mita 1.6 kutoka ardhini, na msaidizi yuko mita 1.5 mbele yake. Ili mwanga umfikie kutoka juu kidogo, kwa nyuzi 20, kitovu cha rifleta kinatakiwa kiwe mita 2.15 juu ya ardhi, na rifleta iwe karibu wima, imelala nyuma kwa nyuzi 20 tu. Wengi wanashangaa ilivyo wima. Wanashangaa zaidi mikono ya msaidizi inapoanza kutetemeka baada ya dakika tatu.

Kama hakuna stendi, mketishe anayepigwa picha. Kwenye kigoda au ngazi ya baraza uso wake unashuka hadi mita 1.1 hivi, na rifleta inashuka nayo hadi mita 1.65, usawa wa kichwa cha msaidizi. Ukiangalia nukta ya mwanga kwenye jicho utajua kama umefaulu: ikiwa sehemu ya juu ya mboni, upande wa kushoto au kulia, uko sawa. Ikiwa chini, rifleta bado iko chini.

Jua linapokuwa utosini kabisa, rifleta inapoteza nguvu kwa sababu kitambaa kinapigwa kwa pembe ya mlazo. Katika mfano uleule, mwanga unaoangukia kila sehemu ya kitambaa unapungua kutoka asilimia 77 ya jua kamili hadi 57. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana ni afadhali kubadili mpango kuliko kupambana. Mweke mtu kivulini, kwenye baraza au chini ya ukumbi, na rifleta ya fedha ibaki nje juani, mita 3 au 4 mbali, ikirusha mwanga ndani. Usimrushie mtu mwenyewe. Rusha kwenye ukuta uliopakwa chokaa au kwenye rifleta nyeupe iliyosimama karibu naye, na ule mwanga wa pili ndio umwangukie. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, ambako jua hupenya kwa mkanda mwembamba tu, mbinu hii ndiyo inayofaa kuliko zote.

Jua likiwa chini, asubuhi kabla ya saa 3 na nusu au jioni baada ya saa 9 na nusu, tatizo linageuka. Jua la nyuzi 15 linamtupia mtu wa mita 1.6 kivuli cha mita 6, na rifleta iliyowekwa moja kwa moja mbele yake inaingia humo humo kivulini. Isogeze upande, nyuzi 30 hadi 45 kutoka mstari wa kivuli, na uhakikishe inapigwa na jua nzima. Halafu kuna mwendo wa jua wenyewe: nyuzi 15 kwa saa. Fedha iliyofungwa kwenye stendi mita 3 kutoka usoni inahamisha doa lake kwa sentimita 13 kila dakika 10. Inatosha kabisa kutoka usoni na kwenda begani wakati wewe unabadilisha lenzi.

Ukubwa kwa kazi

Urefu wa rifleta uwe angalau sawa na sehemu ya mwili itakayoonekana kwenye picha. Uso na mabega: duara la 80 au 110. La 80 lina faida kwa mpiga picha asiye na msaidizi, hasa zile za pembetatu zenye mpini za kampuni ya Lastolite na walioiiga, kwa kuwa unaishika kwa mkono mmoja na kamera kwa mwingine. Haitakuwa mahali pazuri kila mara, lakini itakuwepo. Nusu ya mwili: ya yai ya sentimita 100 kwa 150, au fremu ya 90 kwa 125.

Mwili mzima ndipo pesa nyingi zinapopotea. Fikiria tena mita 3. Fremu nyeupe ya sentimita 130 kwa 190 inatoa hapo kama lux 5,000, nusu stopu. Ya 180 kwa 245 inatoa lux 8,000, theluthi mbili ya stopu na zaidi kidogo. Ndiyo sababu wapiga picha wa mitindo wanatembea na fremu za alumini zinazofanana na mlango, mfano zile za kampuni ya Kijerumani ya Sunbounce, ambazo Pro yake ni 130 kwa 190 na Big ni 180 kwa 245. Hawazibebi kwa mbwembwe. Rifleta ndogo ikilenga uso, gauni linabaki gizani kuanzia kiunoni, na gauni ndilo linalouzwa. Wachache wenye bajeti ndogo huweka duara mbili za 110, moja ya uso na moja ya chini. Inawezekana, lakini inahitaji wasaidizi wawili wanaoelewana, na vivuli viwili vya pua hutokea haraka kama zote ni za fedha.

Kundi la wasimamizi wa harusi wanane? Acha rifleta kwenye gari. Mstari wa mbele utapata mwanga na wa nyuma hautapata, kisha kila mtu atalalamika kuhusu macho yake. Tafuta kivuli kikubwa chenye anga mbele.

Sasa rangi

Nyeupe ndiyo ya kuzoea, na kwa ngozi nyeusi ina sababu ya ziada ambayo haisemwi vya kutosha. Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu inaingia ndani na kutoka ikiwa imebeba rangi ya ngozi, na sehemu nyingine, asilimia 3 au 4 hivi, inadunda juu kwenye mafuta na unyevu kama kwenye kioo. Hiyo ya pili ni sawa kwa watu wote. Lakini kwenye ngozi nyeusi ile ya kwanza ni ndogo, kwa hiyo mng'ao wa juu ndio unaochonga sura: mfupa wa shavu, daraja la pua, mstari wa taya. Mng'ao ni taswira ya chanzo cha mwanga. Chanzo kidogo na kikali, kama rifleta ndogo ya fedha, kinatoa vidoa vyeupe vilivyotapakaa. Chanzo kikubwa cheupe kilicho karibu kinatoa mng'ao mpana unaofifia polepole pembeni, na sura inapata umbo bila kupakwa poda nyingi ya kuua mafuta. Iweke upande, nyuzi 60 hadi 90 kutoka mstari wa kamera, uone shavu linavyochorwa. Ikiwa mbele kabisa, umbo linapotea.

Si weupe wote ni mmoja, hata hivyo. Vitambaa vingi vina dawa ya kung'arisha, ileile ya kwenye sabuni za kufulia, inayobadilisha mionzi isiyoonekana ya jua kuwa ubuluu. Dukani, toa rifleta nje na iweke karibu na karatasi nyeupe ya kawaida na kitambaa cha pamba kisicho na dawa. Ikionekana ya buluu kuliko pamba, itatia ngozi ukijivu.

Fedha inafaa kwa umbali, kwa siku ya mawingu mepesi, na kwa picha ambazo ukali unatakiwa: vito, nguo za michezo, ngozi iliyopakwa mafuta makusudi. Chagua fedha yenye mikunjo midogo kuliko ile laini kama kioo.

Dhahabu ndiyo inayouzwa kwa maneno matamu na kuharibu kazi nyingi zaidi. Uso ulio kivulini unaangazwa na anga la buluu; ukiuongezea dhahabu upande mmoja, unapata shavu moja la chungwa na jingine la buluu, na mpangilio wa weupe (white balance) kwenye kamera hauwezi kusahihisha vyote viwili. Jioni, jua lenyewe limeshakuwa la manjano, na dhahabu juu yake inageuza ngozi ya kahawia kuwa shaba. Kwa mitindo ni mbaya zaidi: shela jeupe linakuwa la maziwa, kitenge cha buluu kinachafuka, na mteja anakataa picha kwa kuwa rangi si ya nguo yake. Ukitaka joto kidogo, nunua kitambaa cha mchanganyiko, kilichofumwa kwa michirizi ya fedha na dhahabu, kinachoitwa "zebra" na baadhi ya watengenezaji. Kinatoa joto linaloaminika, hasa jua la nyuma likiwa limeanza kushuka.

Kabla ya kufungua mfuko angalia chini. Ardhi nayo ni rifleta, na kubwa kuliko yoyote utakayonunua. Udongo mwekundu unatia wekundu chini ya kidevu, majani yanatia ukijani unaokaa vibaya sana kwenye ngozi, na mchanga mweupe wa matumbawe wa Paje au Diani unarusha mwanga mwingi kiasi kwamba tatizo linakuwa ni kuuondoa. Hapo upande mweusi unafanya kazi. Weka sentimita 50 hadi 80 kutoka shavu moja, nje kidogo ya picha, na upande huo unashuka stopu nusu hadi moja. Uso uliokuwa bapa unapata kina. Kwenye kivuli cha wazi na siku za mawingu mazito, mweusi una kazi kuliko fedha na dhahabu zikijumlishwa, na bado ndio upande ambao wengi hawajawahi kuugeuza. Kwa ukijani wa majani, tandaza kitambaa cheusi au kijivu miguuni pa mtu, nje ya picha.

Kile kitambaa cha katikati

Ukivua mfuko wa rangi, ule wenye zipu unaovishwa duara lenyewe, kunabaki difyuza, na kwa jua la adhuhuri ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Inashikwa juu ya kichwa, kati ya jua na mtu, na inapunguza mwanga kwa stopu moja hadi moja na nusu huku ikivilainisha vivuli vya macho na pua. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuiinua sana. Ikiwa sentimita 50 juu ya kichwa, ni dari kubwa laini. Ikiwa mita 2 juu, ni kidirisha kidogo na ukali unarudi. La pili ni kusahau kwamba mandhari haikufunikwa. Mtu amepungua stopu moja na nusu, ukuta nyuma yake haujapungua, na ukimpimia mtu ukuta unaungua. Tafuta mandhari ya kijani kibichi, mlango wa mbao, kitu cheusi kiasi.

Duara la 110 linafunika kichwa na mabega tu, na ukingo wa kivuli chake utaonekana kifuani ukipanua picha. Kwa mwili mzima unahitaji mita 2 kwa 2 au zaidi, na watu wawili wa kuishika.

Upepo, fremu na stendi

Pwani wakati wa kusi au kaskazi, upepo wa mita 8 kwa sekunde ni wa kawaida. Unaisukuma rifleta ya 110 kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 4.5. Fremu ya 130 kwa 190 inasukumwa kwa kilo 11 hadi 12, na ya 180 kwa 245 kwa kilo 20 au zaidi. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Sasa weka fremu ya 130 kwa 190 kwenye stendi, kitovu kikiwa mita 1.6 juu: ili isianguke kwa upepo huo miguu ya stendi ingehitaji zaidi ya kilo 40 za mchanga. Mfuko mmoja wa kilo 10, ambao wengi huuamini, unatosha kwa upepo wa mita 4 kwa sekunde tu. Ufukweni, stendi ni ya kusaidia mkono wa mtu na haimfukuzi kazi msaidizi. Asimame upande ambao upepo unatokea, aishike kwa mguu mmoja mbele, na ukija mkupuo mkali aigeuze makali yaukabili upepo. Asijaribu kuupinga.

Duara za kukunja zina udhaifu mwingine: zinapepea. Kila kutikisika kunahamisha mwanga, na kwenye fedha utaona picha tatu mfululizo zina mwanga tofauti ingawa kamera haijaguswa. Fremu ngumu ya alumini iliyovutwa kitambaa chake haifanyi hivyo, na hapo ndipo bei yake inapotetewa.

Fedha ikiwekwa chini wakati wa mapumziko, ilazwe kifudifudi. Ikiachwa wazi inaweza kummulika dereva au bodaboda barabarani.

Ya kutengeneza mwenyewe

Fremu ya sentimita 120 kwa 180 inatoka kwenye mabomba ya PVC ya inchi moja: vipande vinne vya sentimita 90 na vitatu vya 120, jumla mita 7.2, elbo nne za pembeni na tii mbili za kuunganisha bomba la katikati. Usitie gundi, ili ifunguke na kuingia kwenye gari. Kitambaa kiwe bafta, mikunjo miwili, kwa sababu mkunjo mmoja unapitisha nyuma mwanga ambao ungetaka urudi. Fundi cherehani ashone pindo na lastiki kwenye pembe nne, na kitambaa kiwe kifupi kuliko fremu kwa sentimita 4 kila upande ili kivutike; kikilegea kinajaa upepo kama tanga. Kitambaa cha marekani kinafaa pia na kinatoa joto dogo kwa kuwa hakijapaushwa, joto la kupendeza kuliko la dhahabu ya dukani. Nyuma shonea kitambaa cheusi na umepata pande mbili.

Ubao wa stairofomu wa unene wa sentimita 5 ni mweupe mzuri sana kwenye baraza au uani, ila upepo unauvunja. Ukitaka kuupaka upande mmoja weusi tumia rangi ya maji. Rangi ya kupuliza ya kopo inauyeyusha. Kinga ya jua ya kioo cha gari, ile ya fedha, ni rifleta ya dharura ya uso ambayo madereva wengi tayari wanayo.

Kabla ya kulipa

Ifungue dukani na uilaze sakafuni. Duara likiinuka upande mmoja, waya wake umeshapinda, na halitakaa bapa tena. Fedha yake itatoa mabaka badala ya mwanga sawa. Pitisha kidole kwenye mshono wa ukingo mzunguko wote, kwani hapo ndipo waya hutokeza nje. Vua mfuko wa rangi na uurudishe, uone zipu inavyokwenda. Inua difyuza kwenye taa: mistari ya kufuma isionekane minene mahali pamoja kuliko pengine. Kisha ikunje mwenyewe. Shika ukingo kulia na kushoto, mkono mmoja kiganja juu na mwingine kiganja chini, zungusha ili viganja vibadilishane, halafu leta mikono pamoja. Duara linajikunja mara tatu na ya 110 inabaki na kipenyo cha sentimita 40 hivi. Ukilazimika kutumia goti, waya ni mgumu mno au unaikunja vibaya, na zote mbili huishia kwenye waya uliopinda.

Baada ya kazi ya ufukweni ifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, iache wazi kivulini hadi ikauke, ndipo ikunjwe. Chumvi iliyofungiwa kwenye mfuko inakula waya kupitia mshono, na kutu inatoka kama mstari wa kahawia kwenye upande mweupe. Kwa hiyo kati ya mbili za bei moja, chukua ambayo mfuko wake wa rangi unavuliwa wote: waya ukichoka, rangi zinahamia kwenye duara jingine la kipimo kilekile.